Mashine Imevuka Kizingiti

Mashine ya kuzalisha oksijeni ilishushwa kwenye basi la Dar es Salaam pale Nangurukuru, ikapakiwa kwenye bajaji, ikafika Kilwa Kivinje imefunikwa kanga isiingie vumbi. Uzito wake ni kama wa mtoto wa miaka mitatu hivi. Iliwekwa chumba cha mbele, kando ya kitanda cha mzee aliyekuwa ametoka wodini na mpira puani. Siku ya nne jioni majirani walikuja kumjulia hali, na maneno yakazuka barazani: mgonjwa wa mapafu anayehitaji hewa ya mashine, mahali pake ni nyumbani au hospitali?

Wazungumzaji nimewaunda mimi, na majina sikuwapa. Wako wanne: muuguzi mstaafu anayekaa nyumba ya tatu, binti anayemwuguza mzee, fundi umeme, na mzee mwenyewe. Mzee anasema machache kwa sababu maneno yanakula pumzi. Mimi nimekaa mkekani, naingilia pale nisipoweza kujizuia.

Binti: Sista, mimi wodini sirudi. Wiki mbili nimelala sakafuni, chai ya kununua, maji ya kununua, na ufuta kule shambani unapukutika. Hapa Baba anasikia adhana ya msikiti wake, wenzake wakipita wanamsalimu dirishani. Hewa ni ileile. Tofauti iko wapi?

Muuguzi: Hewa ni ileile, mwanangu, ila walinzi hawako. Kule kengele ikilia usiku wa manane yupo mtu kavaa viatu tayari. Hapa itamlilia nani?

Binti: Itanililia mimi.

Muuguzi: Na siku utakapokwenda shamba?

Binti hakujibu. Nikaona nimsaidie, maana upande wake una ushahidi. Mwaka 1980 na 1981 zilitoka tafiti mbili, moja ya Marekani na moja ya Uingereza, na hizo ndizo zilizoipeleka oksijeni majumbani. Ile ya Uingereza iliwafuata wagonjwa 87 wa mapafu sugu. Watu 42 walipewa oksijeni nyumbani, angalau saa 15 kwa siku, na 45 hawakupewa. Baada ya miaka 5, kati ya waliopewa walikuwa wamekufa 19, na kati ya wasiopewa 30. Hakuna wodi inayoweza kumlaza mtu saa 15 kila siku kwa miaka 5. Oksijeni ya namna hii, kama ni dawa, basi ni dawa ya nyumbani.

Muuguzi: Tarakimu hizo nazijua, na nazipenda. Lakini uliza walikuwa watu gani. Walikuwa wale ambao damu yao imepungukiwa oksijeni kwelikweli, hata wakiwa wametulia wamekaa. Si kila anayetweta. Mwaka 2016 Wamarekani walitoa utafiti mwingine, wa wale waliopungukiwa kiasi tu. Waliopewa oksijeni na wasiopewa walikwenda sawa, kwa kufa na kwa kulazwa. Sasa huku mtu anaruhusiwa homa ya mapafu haijamwisha vizuri, anabebeshwa mashine, na hakuna anayemwambia arudi baada ya miezi miwili mitatu apimwe upya. Pengine mapafu yameshatulia zamani. Mashine inaendelea kunguruma kwa mazoea.

Fundi: Na uniti za LUKU zinaendelea kwenda kwa mazoea hayohayo. Ngoja niwahesabie. Mashine hii inakula wati 350. Ukiiwasha saa 15, ni uniti 5 na robo kwa siku. Mwezi mzima, uniti 157. Tarifa ya nafuu ya watumiaji wadogo inaishia uniti 75. Kwa hiyo siku mashine ilipovuka kizingiti hiki, nyumba hii ilianza kutoka kwenye unafuu. Si mashine tu, hata taa na redio vitalipiwa bei ya juu.

Binti: Tutafunga sola.

Fundi: Dada yangu, sola ya taa na kuchajia simu haiwezi kuibeba. Betri moja kubwa ya gari, N100, ikiwa nzima na imejaa, itakupa saa moja na nusu, kisha unaiua betri. Kuiendesha kwa jua peke yake unahitaji paneli za wati elfu moja na mia tano hivi, na betri za kuvusha usiku. Ni bei ya kujengea nyumba nyingine.

Akanyamaza kidogo, akatazama upande wa bahari.

Fundi: Tena linaloniuma ni hili. Gesi iligunduliwa Songo Songo mwaka 1974. Songo Songo ni ya wilaya hii hii. Tangu mwaka 2004 inapita kwenye bomba kwenda Ubungo kuzalisha umeme. Sisi wa Lindi na Mtwara tulikaa miaka mingi nje ya gridi ya taifa, tunasikia habari za umeme wa gesi yetu redioni. Na leo mzee wa Kivinje akikatikiwa na umeme, anakatikiwa na pumzi.

Mwaka huohuo wa 1974, huko Japani, mhandisi Takuo Aoyagi alionesha kifaa cha kupima oksijeni ya damu kwa mwanga bila kumchoma mtu sindano. Mjukuu wa kifaa hicho ni kile kibanio kidogo cha kidoleni ambacho Muuguzi hutembea nacho mfukoni. Alimbana Mzee kidole cha shahada mbele yetu. Kikasoma 91.

Binti: Si umeona? Yuko vizuri.

Muuguzi: Huenda. Kwanza mkono usiwe wa baridi, na kucha isiwe na hina, kama ile ya siku ya harusi ya mjukuu. Halafu kuna jambo watengenezaji hawaandiki kwenye boksi. Mwaka 2020 madaktari Marekani walilinganisha kibanio na kipimo cha damu yenyewe, wakakuta kwa wagonjwa weusi kinadanganya mara nyingi zaidi kuliko kwa weupe. Kinasema oksijeni ipo kumbe haipo. Ngozi yetu inakichanganya. Kwa hiyo namba naitazama, lakini namtazama na mtu: anamaliza sentensi? Midomo imebadilika rangi? Jana alifika msalani kwa miguu, leo je?

Mpaka hapo mjadala ulikuwa wa kawaida, kila mtu kwenye upande wake. Uliharibika, au ulitengenea, pale Binti alipoanza kusimulia usiku wa juzi.

Binti: Umeme ulikatika saa nane usiku. Mashine ikalia mlio mmoja mrefu, halafu kimya. Kile kimya ndicho kilichoniamsha. Nikapapasa mtungi wa akiba, sioni kipimo cha presha, sioni pa kufungulia. Mdogo wangu akaja mbio na koroboi.

Muuguzi: Yaa Rabi. Aliishika umbali gani?

Binti: Si alikuwa ananimulikia? Hapa na hapo.

Oksijeni yenyewe haiungui, ila kila kinachoungua huungua nayo kwa hasira. Inajipenyeza kwenye shuka, kanga, ndevu na godoro, na inabaki humo kwa muda hata baada ya mtungi kufungwa. Moto wa aina yoyote unatakiwa kuwa mbali, hatua nne au tano kubwa. Nyumba zetu za pwani zimejaa moto mdogo mdogo ambao hatuuhesabu kuwa moto: koroboi, dawa ya mbu ya kuchoma, kipande cha sigara cha mgeni, chetezo cha ubani usiku wa kuamkia Ijumaa. Kisha kuna mafuta. Mpira ukikaa puani siku mbili pua hukauka, hupasuka, hata kutoa damu, na mkono wa kwanza wa huruma hukimbilia mafuta ya mgando. Mafuta na oksijeni havikai pamoja, si puani wala kwenye koki ya mtungi. Muuguzi alisema atumie jeli ya maji, au pua isafishwe tu kwa kitambaa kibichi. Tochi itundikwe kwenye msumari ukutani, palepale juu ya mtungi, na isichukuliwe kwenda kutafutia kuku.

Muuguzi: Enhe, mtungi ukaufungua. Ulifungua namba ngapi?

Binti: Hospitali waliniambia 1. Lakini alikuwa anatweta, Sista! Nikafungua 5.

Muuguzi: Akatulia?

Binti: Akatulia sana. Akalala mpaka jua likachomoza. Nilifurahi, siku nyingi hajalala hivyo.

Muuguzi hakusema neno kwa muda. Aliyesema ni Mzee, kutoka ndani, kupitia dirishani.

Mzee: Sikuwa... nimelala. Nilikuwa nawasikia. Sikuweza... kujibu.

Mbele ya mtu anayetapia hewa, mkono wa kila mwanafamilia utakwenda kwenye koki, na hapo ndipo ugonjwa huu unapodanganya. Baadhi ya watu walioharibika mapafu kwa miaka mingi, ukiwajaza oksijeni kupita kiasi, hewa chafu ya kabonidayoksaidi hujikusanya kwenye damu. Hawapigi kelele. Husinzia. Familia inaona mgonjwa amepumzika, inapunguza sauti ya redio, kumbe anazama. Kwa watu hao madaktari hulenga oksijeni kati ya 88 na 92 kwa mia, wala hawatafuti 99. Dalili zake si za kutisha: kichwa kuuma asubuhi, kuchelewa kuamka, maneno kuchanganyika, mikono kuchezacheza. Mtoto wa nyumba hii alifanya kosa la upendo, na hakuna aliyekuwa amemwambia. Aliambiwa namna ya kuwasha. Karatasi ya kuruhusiwa ilikuwa na muhuri, tarehe na namba 1. Ya nini isiwe 5, haikuandikwa.

Binti: Sasa nikimwona anatweta nikae namwangalia?

Muuguzi: Hapana. Mkalishe, ainame mbele kidogo, viwiko magotini. Avute pumzi kwa pua, aitoe polepole kwa mdomo aliouchongoa kama anayepoza uji. Kama ana pampu yake ya kuvuta, mpe kwa kutumia chupa ya maji ya nusu lita. Toboa kitako, chomeka pampu, avute kupitia mdomo wa chupa. Daktari mmoja wa Afrika ya Kusini na wenzake waliijaribu chupa hiyo kwa watoto wenye pumu, ikafanya kazi sawa na ile ya kununua dukani. Halafu mpepee usoni.

Fundi: Kumpepea? Sista, tuko kwenye sayansi au kwenye mapenzi?

Muuguzi: Kwenye sayansi, baba. Kutweta na kupungukiwa oksijeni ni mambo mawili. Mtu anaweza kuwa na oksijeni ya kutosha na bado anatweta, na mwingine imemwishia na ametulia kama mzigo. Upepo ukigusa mashavu na pua, ubongo unapumbazwa, kiu ya hewa inapungua. Wameupima upepo huo kwa feni ndogo za mkononi, ukasaidia. Na ninyi hapa mna kipepeo.

Binti akaingia uani, akarudi na kipepeo cha ukindu, kimeungua pembe moja. Ndicho kinachochochea mkaa. Nikakitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili.

Mzee huyu mapafu yake hayakuharibiwa na kitu kimoja. Ameugua kifua kikuu mara mbili akapona, na kupona kifua kikuu si kurudishiwa mapafu uliyoanza nayo; makovu yanabaki, na njia za hewa zinabaki zimepanuka na kujaa makohozi. Misimu mingi alibeba bomba mgongoni akiipulizia mikorosho salfa dhidi ya ubwiriunga, kitambaa puani, vumbi la njano mpaka kwenye kope. Sigara alivuta. Na kila siku ya maisha yake amekula chakula kilichopikwa kwa kuni chini ya makuti. Mwaka 2018 Dk. Magitta na wenzake walichapisha utafiti wa kijijini hapa Tanzania: kati ya watu wazima wa miaka 35 na zaidi, 17.5 kwa mia walikuwa na ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa. Mtu mmoja kati ya sita, karibu. Wengi wao hujiita wana pumu ya uzeeni, au kifua tu.

Muuguzi: Na jiko liko wapi sasa hivi?

Binti: Pale uani.

Muuguzi: Upepo wa kusi ukivuma moshi unaingia wapi?

Unaingia chumba cha mbele. Mashine hii haitengenezi hewa. Inavuta hewa ya chumbani, inachuja naitrojeni kwenye chembechembe za madini yaliyo ndani yake, inampa mgonjwa oksijeni ya kama asilimia 90 na kidogo. Ikivuta moshi, chujio linaziba. Ikivuta unyevu wa chumvi wa pwani, zile chembechembe zinachoka kabla ya siku zake, na itanguruma vilevile huku ikitoa hewa dhaifu. Sponji ya nyuma ioshwe kila wiki, ikauke kabisa ndipo irudishwe. Mashine isibanwe ukutani wala isifunikwe ile kanga ikiwa imewashwa. Binti alikuwa ameifunika, ili ipendeze.

Fundi: Serikali si inasema tupikie gesi? Mkakati ule wa nishati safi, 2024 mpaka 2034, asilimia 80 ya Watanzania.

Binti: Mtungi wa gesi tunao. Ukiisha, pesa ya kujazia ndiyo hiyo uniti zako zinaila.

Hoja hiyo haikupata mjibu. Nyumba moja ina mitungi miwili, wa kupikia na wa kupumulia, na pesa ya kujaza mmoja.

Wa kupumulia nao una habari yake. Mtungi mkubwa wa lita 6,800, kwa mtiririko wa lita 2 kwa dakika, unakwisha baada ya saa 56, siku mbili na ushei. Mdogo wa akiba, wenye lita 1,500, ni saa 12 na nusu. Hesabu hiyo inavumilika pale barabara inapopitika. Tarehe 4 Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipoifikia pwani hii, barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam ilikatika Somanga na kwingineko, na kwa siku kadhaa magari yalisimama pande zote mbili. Mwenye mtungi wa saa 56 hawezi kuishi kwa kutegemea lori.

Muuguzi: Ndiyo maana nikasema wodini. Pale hospitali ya Kinyonga, au Sokoine kule Lindi, umeme ukikatika kuna jenereta.

Fundi: Lakini Sista, wakati wa korona serikali ilichukua mkopo wa shilingi trilioni 1.3, na mitambo ya hewa tiba ikajengwa kwenye hospitali nchini. Hewa imefika hospitali. Kwa nini ifike ukutani isimame? Kuna bodaboda inapeleka chapati kwa mtu chumbani, hewa haiwezi kupelekwa?

Muuguzi: Nani ataipeleka? Nani atapima mtiririko, nani ataosha sponji? Mashine ikiharibika, ni ya nani?

Binti: Yetu. Tumechanga ukoo mzima.

Muuguzi: Basi ndilo tatizo langu. Ikiwa yenu, hospitali haiijui. Haimo kwenye daftari la fundi wake. Shirika la umeme halijui kwamba kwenye mita hii kuna mtu anapumua. Mhudumu wa afya wa mtaa anapita hapa kuuliza habari za vyandarua, mashine hii haiulizii kwa sababu haimo kwenye fomu yake. Mimi sikatai aje nyumbani. Nakataa aje nyumbani akiwa yatima.

Fundi: Na ikiwa ya hospitali?

Binti: Ikiwa ya hospitali, siku wakipata mgonjwa wa maana kuliko Baba, wataifuata.

Hili la Binti lilinigusa kuliko yote, kwa sababu ni kweli inaweza kutokea, na kwa sababu hata Muuguzi hakulikanusha. Mwezi Mei 2023 mkutano mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulipitisha azimio la kuongeza upatikanaji wa oksijeni ya tiba. Azimio ni jambo jema. Lakini hapa barazani swali lilikuwa dogo na gumu zaidi: mlezi wa mashine ni nani saa nane usiku. Mimi niko upande wa Muuguzi kwa nusu. Hospitali iiandike mashine kwenye daftari lake hata kama ukoo ndio ulionunua, fundi wake aipime oksijeni yake kila baada ya miezi michache, na yule anayekabidhiwa mgonjwa akabidhiwe pia mafunzo ya saa mbili, tena aoneshe kwa mikono yake mbele ya muuguzi kabla ya kutoka getini. Nusu nyingine niko na Binti. Sakafu ya wodi si mahali pa kuishi miaka mitano.

Muuguzi akaongeza la mwisho lake, kwa haraka, kama mtu aliyekwishavaa viatu: mazoezi. Kampala, pale Mulago, Bruce Kirenga na wenzake wamewafanyisha mazoezi watu walioharibiwa mapafu na kifua kikuu, wakatembea mbali zaidi kuliko mwanzo. Kulala na mashine kutwa kunawamalizia misuli ya miguu.

Mzee: Mimi... mbona hamniulizi?

Tukageuka wote dirishani.

Binti: Shikamoo Baba. Haya, tukuulize. Unataka nyumbani au hospitali?

Mzee: Nataka... pwani. Asubuhi. Mashua zikiingia.

Binti: Na mashine, Baba? Haina miguu.

Mzee: Mlisema... saa... 15.

Muuguzi akaanza kuhesabu kwa vidole, na Fundi naye akahesabu kwa vyake. Kuwasha saa kumi na mbili jioni, kuzima saa tatu asubuhi. Saa 15 kamili, na usingizi wote umo ndani. Zinabaki saa 9 za mchana za kukaa bila mpira, kwa kiti chini ya mwembe kwanza, wiki ya pili mpaka msikitini, na kibanio mfukoni. Kichwa kikiuma asubuhi, au akiwa mgumu kuamka, siku hiyo hakuna pwani, ni hospitali.

Fundi: Mashua huingia mapema, Mzee. Saa tatu utakuta samaki wameshanadiwa.

Mzee: Tuwashe... saa kumi na moja.

Binti akatazama saa ya simu. Ilikuwa kumi na moja kasoro dakika tano. Akaenda uani kwanza, akaumwagia mkaa maji, ndipo akaingia kuwasha.